Kazi ya Mikono ya Wazee Wetu: Safari ya Lamu na Pate



Katika pwani yetu hii mtu akiingia msikitini siku ya Ijumaa, watu humtazama kichwani kabla ya kumtazama miguuni. Viatu hununuliwa na kila mwenye fedha, tena huachwa mlangoni. Bali kofia huingia naye na husujudu naye. Na ikiwa ni kofia ya mkono, basi imebeba kazi ya mtu aliyekaa siku nyingi, akainama juu ya kitambaa, akashona tundu moja baada ya moja. Aghlabu mtu huyo ni mama, au shangazi, au mke, au bibi mzaa mama. Na aliyemfunza alikuwa mama yake, na mama yake naye alifunzwa na wa kabla yake. Kwa hivyo kofia moja nyeupe huweza kuwa na nasaba ndefu kuliko ile tunayoweza kuitaja kwa ulimi.

Ni kwa sababu ya nasaba hiyo niliazimia kusafiri mpaka visiwa vya Lamu, mahali ambapo kazi ya sindano bado ni kazi ya kila siku nyumbani na barazani. Nilitaka kuona kwa macho yangu kazi hiyo inavyofanywa, niwasikilize wanaoifanya, na nipate kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, mambo mawili: furaha iliyomo ndani yake, na hatari inayoikabili.

Visiwa hivi viko kaskazini mwa pwani ya Kenya, si mbali na mpaka wa Somalia. Vikubwa vyake ni Lamu, Manda na Pate. Mwenye kutoka Mombasa kwa gari hupita Kilifi na Malindi, akavuka mto Tana kule Garsen, akapita Witu, hata akafika Mokowe ambako bara huishia. Kisha hupanda mashua. Mwenye kusafiri kwa ndege hushukia Manda, na yeye pia hana budi kuvuka maji. Hapana njia ya kuingia Lamu ila kwa chombo, na yamkini hiyo ndiyo sababu moja iliyoufanya mji huu uhifadhi mambo mengi ambayo miji mingine imeyapoteza.

Mji umejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Njia zake ni nyembamba, mtu na punda hupishana kwa taabu. Njia kuu ya ndani, iitwayo Usita wa Mui, hupita sambamba na ufuo, na karibu yake husimama ngome kubwa iliyokamilika mwaka 1821. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuandika mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huja kutoka kila upande kutazama milango yake ya nakshi na zidaka za kutani, yaani vile visanduku vya chokaa vilivyochongwa ukutani kuwekewa vyombo na misahafu.

Lakini mgeni anayetazama milango tu huenda akampita fundi aliyekaa chini ya mlango huo huo. Nilipotembea Usita wa Mui baada ya Alasiri, nilimwona mzee mmoja barazani, miwani imeshuka puani, kofia nusu iko gotini, na midomo yake ikisoma uradi polepole huku sindano ikiingia na kutoka. Kijana mmoja alikaa karibu naye akitia uzi katika sindano nyingine, ili mzee asiyachoshe macho. Huko Lamu kushona kofia hakumvunjii mwanamume heshima yake. Wanaume hushona barazani na wanawake hushona majumbani, na kila mmoja huifahamu kazi ya mwenziwe.

Sasa natueleze kofia yenyewe, kwa maana wengi tunaoivaa hatujui inavyofanywa. Kofia ya mkono ina sehemu mbili: duara la juu linalofunika utosi, na ukanda wa ubavuni unaozunguka kichwa. Kila sehemu hukatwa katika kitambaa cheupe cha pamba, kama vile bafta, nacho hufanywa tabaka mbili ili kofia ipate kusimama. Kwanza huja mchoraji. Yeye hushika penseli na kuchora juu ya kitambaa maua, majani, nyota na minyororo, akigawanya ukanda sawasawa ili pambo lianzapo na liishapo vikutane pasina kuonekana kiungo. Si kila mshonaji ni mchoraji. Katika mtaa mzima huenda wakawa wachoraji wawili au watatu tu, na washonaji wote huwapelekea vitambaa vyao.

Kisha huanza kazi ya sindano. Mistari ya mchoro hushonwa kwa mishono midogo, na mahali pengine nyuzi hupitishwa baina ya zile tabaka mbili ili pambo liinuke juu, mtu akipitisha kidole alihisi. Baadaye hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mishono iliyobanana mpaka ukingo wake ukawa mgumu, usiweze kufumuka. Vitundu hivi huitwa viua, na kofia ikaitwa kofia ya viua. Wengine huiita kofia ya vito. Hupamba, na pia hupitisha hewa, jambo ambalo mtu wa pwani hulishukuru wakati wa kaskazi. Mwisho duara na ukanda huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga, na hukaushwa juu ya chombo cha mviringo kilicho sawa na kichwa.

Kofia nyepesi humalizika kwa wiki kadhaa; kofia ya kazi nzito huchukua miezi. Wala isidhaniwe kwamba mshonaji hushona tangu asubuhi hata jioni. Hushona baina ya kupika na kufua, baina ya Adhuhuri na Alasiri, na wakati mtoto amelala. Kazi hii hukaa mfukoni, hutoka nafasi ipatikanapo, na hurudi mfukoni mlango ubishwapo hodi. Ndiyo maana ikaweza kuishi katika nyumba zilizojaa shughuli.

Msomaji huenda akauliza: je, wazee wetu walikuwa wakishona tu, na nguo yenyewe daima ilitoka ng'ambo? La. Pwani hii ilisokota pamba na kufuma nguo kwa karne nyingi. Katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vijiwe vya kusokotea uzi, vilivyofanywa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Msafiri maarufu Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliziona nguo zilizofumwa katika mji huo, naye akaandika kwamba zilipelekwa hata Misri. Wareno walipokuja katika karne ya 16 waliona kusini, kule Sofala, watu wakifuma nguo za pamba nyeupe. Na kwa kuwa hawakuwa na rangi ya kutia nyuzi zao, walinunua nguo za buluu kutoka Cambay ya Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Na mji wa Pate katika karne hiyo hiyo ulisifika kwa nguo zake za hariri.

Tafakari, ndugu msomaji, subira ya mtu anayenunua nguo iliyokwisha kufumwa, akaifumua, akafuma nyingine iliyo nzuri machoni pake! Fundi yule hakukataa kilichotoka nje, wala hakukipokea kama kilivyokuja. Alikifanya chake.

Kilichoidhoofisha mitambo ya kufumia ni wingi wa nguo za viwandani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem katika jimbo la Massachusetts zikaleta Unguja kitambaa cha pamba kizito kisichotiwa rangi. Watu wakakiita merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu mpaka leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, nguo hiyo ikaadimika. Nguo za Uingereza, na baadaye za Bombay, zikachukua nafasi yake. Mfumaji wa mkono hakuweza kushindana na bei ya mashine. Katika miji mingi ya pwani yetu mtambo ukanyamaza.

Lakini sindano haikunyamaza. Kitambaa kile kile cha kiwanda kilichomshinda mfumaji, mshonaji alikichukua akakifanya uwanja wake. Bafta ilikuja tupu, haina pambo, akaipamba. Na hii ndiyo siri ya kudumu kwa kofia. Kitambaa chake hutoka mbali, uzi wake hutoka mbali, bali kilicho chetu ni mkono na hesabu. Natulikumbuke jambo hili kila tusikiapo mtu akisema kwamba vitu vya kigeni vimekwisha kuua kila kitu chetu.

Kutoka Lamu nilivuka kwenda kisiwa cha Pate. Mashua hupita katika mkondo uitwao Mkanda, baina ya Manda na bara, na nahodha hungoja maji yajae, kwa maana yakitoka chombo hukwama katika matope ya mikoko. Abiria hushuka Mtangawanda, na kutoka hapo huendea mji wa Pate, na mbele yake Siyu na Faza. Pate ya leo ni mji mdogo uliozungukwa na magofu ya mji mkubwa, na baina ya kuta zilizoanguka watu wamelima tumbaku. Ni mahali panapomfunza mtu kwamba mawe huanguka, na fahari ya wafalme huwa shamba.

Siyu ina sifa ya namna nyingine. Mji huu ulikuwa wa mafundi na wanachuoni. Ngome yake ya karne ya 19 ingali imesimama ukingoni mwa mikoko, nayo hukumbusha namna watu wa Siyu walivyopambana na majeshi ya Sayyid Said. Lakini kabla ya sifa ya vita walikuwa na sifa ya mikono: ufundi wa ngozi, useremala, na uandishi wa misahafu. Katika karne za 18 na 19 waandishi wa Siyu walinakili Qurani Tukufu kwa mkono na kuzipamba kurasa zake kwa rangi, na baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Mtu aliyeiona misahafu hiyo, kisha akaishika kofia ya viua, hashangai kwamba miji hii ilizaa vyote viwili. Kalamu na sindano zataka adabu moja: mkono uliotulia, jicho lisilopuuza kosa dogo, na nia njema tangu mwanzo hata mwisho.

Katika nyumba moja ya Siyu nilikaribishwa na familia ya wanawake watatu: bibi, binti yake, na mjukuu aliyekwisha kumaliza masomo ya sekondari. Jamaa yangu wa kike tuliyesafiri pamoja ndiye aliyetangulia kuingia, nami nikakaa ukumbini baada ya kupewa ruhusa. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na mlango wa uani. "Ndoo, mwanangu," aliniambia kwa lafudhi ya kwao, "kaa hapa penye mwanga upate kuona."

Alifungua kasha dogo, akatoa kofia iliyogeuka rangi ya maziwa kwa ukale. Ilikuwa ya marehemu mumewe, naye ndiye aliyeishona kabla ya kuolewa, akifunzwa na mama yake. Kisha akatoa kofia nyingine, mpya, ambayo ukanda wake ulikuwa tayari na duara lake lilikuwa bado. Hiyo ilikuwa kazi ya mjukuu wake, akimshonea kaka yake kwa siku ya nikaha. Ua la ubavuni lilikuwa lile lile. Bibi aliziweka kofia mbili magotini, ya babu na ya mjukuu, akatuachia tutazame, wala hakusema neno.

Binti yule alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Mombasa, na safari yake ilikuwa karibu. Mama yake alikuwa na wasiwasi kwamba kofia haitakwisha. Bibi akasema, "Sindano si jiwe, itamlemea nini? Naitie mkobani, aende nayo."

Mjukuu alijibu kwa adabu, lakini hakuficha alilokuwa nalo moyoni. "Bibi, ya kaka nitaimaliza, insha-Allah. Lakini baada ya hiyo sidhani. Huko nitakuwa na masomo mchana na zamu usiku, na pesa ya kofia moja haitoshi hata nauli ya kurudi nyumbani."

Bibi alinyamaza kitambo. Nami niliona haya kuwa nimekaa katikati ya maneno ya familia. Kisha akasema, "Ni kweli, haitoshi. Sindano hii ilimsomesha mamako chuoni, na karo zako nyingine zilitoka humu humu. Lakini zamani vitu vilikuwa rahisi. Sikukufunza ili ule kwa sindano siku zote. Nilikufunza ili siku ukikosa uwe na kitu mkononi. Na siku usipokosa, umvike mtu umpendaye."

Nimeyafikiri maneno hayo tangu siku hiyo, na naona kwamba wote wawili walisema haki. Kijana hawezi kulaumiwa kwa kutaka elimu na kazi yenye malipo. Lamu yenyewe inabadilika: gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka 2021, na vijana wa visiwani wanatazama huko wakitumaini kazi. Mwenye kumwambia msichana aache masomo ili alinde urithi wa wazee atakuwa amemdhulumu msichana na ameudhulumu urithi pia, kwa maana kitu kinachoshikwa kwa kulazimishwa huachwa siku mlazimishaji akiondoka. Lakini kwa upande wa pili, kazi iliyopita katika mikono ya vizazi vingi ikikatika katika kizazi kimoja, hairudishwi kwa kitabu. Mchoro huweza kupigwa picha. Uzito wa mkono haupigwi picha. Mtu hujua uzi uvutwe kiasi gani kwa sababu alikaa ubavuni mwa mtu aliyejua.

Basi tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu liko zaidi sokoni kuliko nyumbani. Mshonaji huuza kofia kwa mchuuzi, mchuuzi humwuzia mwenye duka mjini, na mwenye duka humwuzia mvaaji. Katika kila mkono bei hupanda, na aliyekaa miezi akiharibu macho yake ndiye hupata fungu dogo. Tena zimeingia kofia nyingi za mashine, zilizofanywa viwandani ng'ambo, ambazo kwa mbali hufanana na za mkono na bei yake ni nafuu. Hapana dhambi kuvaa kofia ya mashine. Si kila mtu ana uwezo wa nyingine. Walakini ni makosa kuuza ya mashine kwa jina la ya mkono, na ni makosa kutaka ya mkono kwa bei ya mashine. Mnunuzi anayetaka yakini aigeuze kofia ndani nje, aitazame. Kazi ya mashine hulingana mno, kila ua ni pacha wa mwenzake. Kazi ya mkono ina tofauti ndogo ndogo, tundu hili limebanwa zaidi ya lile, kama mwandiko wa mtu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Tumefunzwa kwamba chakula kilicho bora ni kile mtu alichokichuma kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, aliyekuwa mfalme, alikula kwa kazi ya mkono wake. Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sura An-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja mavazi yanayotukinga na joto kuwa miongoni mwa neema zake; na katika Sura hiyo hiyo akapiga mfano wa mwanamke aliyefumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa madhubuti, kutuonya tusivunje ahadi zetu. Mfano huo ni wa viapo na ahadi. Hata hivyo sioni kosa mtu akiufikiri pia anapotazama kazi iliyosokotwa na wazee kwa vizazi vingi ikiachwa ifumuke mikononi mwake.

Wala kazi hii haikubaki Lamu peke yake. Unguja nako wanawake hushona kofia majumbani. Barawa, katika pwani ya Somalia, ambako watu husema Chimwini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, ina kofia yake mashuhuri; na vita vilipozuka mwaka 1991 wengi wa watu wa Barawa walikimbilia Mombasa, na baadaye wengine wakaenda Uingereza na Marekani. Nyumba na mashamba hayabebeki. Ujuzi wa mkono hubebeka. Na kule Oman wanaume huvaa kofia ya kushonwa iitwayo kumma, yenye vitundu na mapambo, ambayo wengi huihusisha na maisha ya Waomani katika pwani yetu hii. Mwafrika Mashariki akifika Muscat akaona vichwa barazani huhisi kama yuko kwao, kwa maana bahari iliyowapeleka na kuwarudisha wazee wao ndiyo iliyobeba ufundi huo.

Kwa hayo yote, nawausia wasomaji wetu mambo manne yaliyo mepesi.

Kwanza, kila nyumba ijue kazi za mikono ilizo nazo. Fungueni makasha. Kofia ya babu, kanzu yenye darizi ya zamani, mswala wa ukili uliosukwa na shangazi: andikeni ni ya nani, ilifanywa na nani, na katika mwaka gani ikiwa mwajulikana. Kitu kisicho na jina huwa kitambaa kikuukuu, na mwisho hufutiwa meza.

Pili, watoto wafundishwe wakati wa likizo, wavulana na wasichana. Nusu saa baada ya Alasiri yatosha. Hata asiyekuwa fundi atajua thamani ya ufundi, wala hatapunja bei ya mwenziwe atakapokuwa mtu mzima. Nimeona mtoto wa miaka minane akimaliza kiua chake cha kwanza, kimepinda kama yai, naye akakipeleka kwa kila mtu ndani ya nyumba akionyeshe. Furaha ile haiuzwi dukani.

Tatu, wachoraji wahifadhiwe. Wao ni wachache, na mchoraji mmoja akifariki huondoka na maua yake yote. Vijana wenye simu wapige picha za michoro, na walio na kalamu wainakili katika madaftari, kwa ruhusa ya wenyewe, wakiandika mchoro huo ulitoka katika nyumba gani.

Nne, mtu anayeweza, anunue kwa mshonaji mwenyewe, aagize mapema, atangulize sehemu ya fedha, wala asipunguze bei mpaka ikafika mfupani. Ukitoa mahari, ukatoa karamu, ukakodi ukumbi, kwa nini kofia ya bwana harusi ndiyo iwe mahali pa kubania? Na wenye jamaa wanaoshona wawakumbuke kwa miwani na kwa taa njema, kwa maana macho ndiyo mtaji wao.

Nilipoondoka Siyu, maji yalikuwa yameanza kujaa na nahodha alikuwa akituita. Jamaa yangu aliniambia kwamba mjukuu yule alikuwa amemwomba bibi yake amchoree ua la ukanda katika karatasi, na bibi amekataa. Alimwambia karatasi hulowa baharini; akamchorea katika kipande cha bafta, akakikunja, akakitia ndani ya mkoba pamoja na sindano mbili na kibonge cha uzi. Binti hakusema atakitumia, wala hakukitoa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, aibariki mikono inayoshona, na awajaalie vijana wetu kupata elimu mpya pasina kuitupa ya wazee wao. Amin.